Luhwindja: Mkono wa mtoto ukikauka baada ya kufungwa, mzazi amshitaki nani?

Ni ajali ambayo kila mzazi wa Luhwindja anaijua. Mtoto wa miaka sita amepanda mti wa avoka, tawi linakatika, anaanguka huku ametanguliza mkono. Kiwiko kinavimba papo hapo. Nyumbani swali ni moja: tumpeleke wapi, kwa muunga mifupa wa kijijini au kwenye kituo cha afya?

Swali la pili huja wiki tatu au nne baadaye, siku ya kufungua kamba au plasta. Mfupa umeungana, lakini kifundo kimepinda na vidole vimejikunja kama kucha za ndege. Mtoto hawezi tena kushika kalamu wala kijiko. Hapo mzazi anaanza kuuliza nani atajibu kwa mkono huo. Mara nyingi anauliza kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakompotezea haki yake.

Luhwindja ni usultani wa teritware ya Mwenga, jimboni Kivu Kusini, kwenye milima iliyo kusini-magharibi mwa mji wa Bukavu. Wengi wa nje wanaijua kwa sababu ya machimbo ya Twangiza, ambako kampuni ya Banro ya Kanada ilitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011. Kwa mzazi mwenye mtoto aliyevunjika, jambo kubwa hapo ni milima yenyewe. Katika vijiji vya mbali mgonjwa hubebwa kwanza kwa tipoyi, kisha kwa pikipiki, na mvua ikinyesha pikipiki nayo inasimama. Kati ya kuanguka kwa mtoto na mtu wa kwanza anayejua kusoma picha ya radio, nusu siku inaweza kupita.

Na katika mivunjiko ya watoto, nusu siku ni nyingi.

Masaa sita

Mvunjiko mmoja unaoleta mashitaka kuhusu watoto ni ule wa mfupa wa mkono wa juu, karibu kabisa na kiwiko. Kati ya mivunjiko yote ya kiwiko cha mtoto, huo ndio unaoonekana zaidi, hasa kati ya miaka mitano na minane. Mfupa una wembamba mahali hapo, na mbele yake tu unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono wa chini, pamoja na mishipa ya fahamu ya vidole. Ncha ya mfupa uliovunjika inaweza kuubana mshipa huo au kuutoboa.

Halafu kuna uvimbe. Misuli ya mkono wa chini imefungwa ndani ya ngozi ngumu ya ndani isiyopanuka. Damu na maji vikijaa humo, nafasi inakosekana, na damu mpya haiingii tena. Misuli inayokosa damu huanza kufa baada ya takriban masaa 6. Ikishakufa haioti tena: inageuka kuwa kamba ngumu ambazo huvuta vidole ndani. Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza hali hiyo mwaka 1881 na kuihusisha na bendeji zilizokazwa kupita kiasi. Hadi leo madaktari wanaiita kwa jina lake.

Kinachokaza si lazima kiwe kamba ya muunga mifupa. Plasta nyeupe ya hospitali, ile inayozunguka mkono wote na kukauka kama jiwe, inafanya vilevile ikifungwa siku ya kwanza kabla uvimbe haujamalizika. Vibao vya mianzi vilivyofungwa kwa kamba vinafanya vilevile. Mkono hautambui kama aliyeufunga ana diploma ao hana.

Dalili zinajulikana, na hazihitaji mashine. Ya kwanza ni maumivu ambayo, badala ya kupungua baada ya kufungwa, yanaongezeka. Mtoto anaomba dawa tena na tena, halali, analia usiku kucha. Ya pili: mtu mwingine akimnyoosha vidole polepole, mtoto anapiga kelele. Baadaye vidole vinavimba, vinakuwa baridi, vinafa ganzi, vinashindwa kusogea. Mpigo wa damu kwenye kifundo unaweza kuendelea kuwepo hata wakati misuli inakufa, kwa hiyo muuguzi anayesema "mpigo upo, hakuna shida" anaweza kuwa anajidanganya.

Dawa ya kwanza ni mkasi. Kila kilichofunga kinakatwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpaka kwenye ngozi, pamoja na pamba ya ndani, kwa sababu pamba iliyolowa damu hukauka na kubana kama plasta yenyewe. Mkono unalazwa usawa wa moyo. Kama maumivu hayatulii, mtoto anahitaji kupasuliwa haraka ili misuli ipate nafasi. Baada ya siku mbili tatu, kupasua hakurudishi tena kitu.

Usiku huo wa kwanza ndio unaoamua. Katika nyumba nyingi unapita mtoto analia na wakubwa wanamwambia avumilie, kwa sababu "mfupa lazima uume".

Kwa nini kwa muunga mifupa

Ni rahisi kwa watu wa mjini kumlaumu mzazi aliyeanza kwa muunga mifupa. Lakini huyo anaishi karibu, anapokea malipo kidogo kidogo, wakati mwingine kuku ao mtungi wa kasiksi, na hamfungii mtu kwa ajili ya fakitire. Hospitalini, familia isiyomaliza kulipa inaweza kubaki na mgonjwa wake ndani hata baada ya kupona. Hilo si siri kwa mtu yeyote wa Kivu.

Kuna pia hofu kwamba hospitali inakata mikono. Hofu hiyo imejengwa juu ya kitu ambacho watu wamekiona kwa macho: mtoto alipelekwa hospitalini, akarudi bila mkono. Kisichosimuliwa ni kwamba mara nyingi alifika huko siku ya tano, mkono umekwisha kuwa mweusi chini ya vibao. Madaktari wa Nigeria na Ethiopia wameandika kwa miaka mingi juu ya watoto waliofika kwao hivyo. Hospitali inapokea mkono uliokufa, inaukata, na inachukua lawama. Mzazi anayefuata naye anaogopa, anaanza kwa muunga mifupa, anachelewa kwa namna ile ile.

Kazi ya kuunga mifupa kwa mikono si ujinga mtupu, na ni vizuri kusema hivyo. Huko Liverpool, Uingereza, katika karne ya 19, Evan Thomas alikuwa muunga mifupa asiye na shahada, kutoka ukoo wa waunga mifupa wa Wales, na alipelekwa mahakamani mara kadhaa. Mwanawe, Hugh Owen Thomas, alisomea udaktari, akatengeneza chuma cha kunyoosha mguu ambacho katika Vita Kuu ya Kwanza kilipunguza sana vifo vya askari waliovunjika paja. Chuma hicho kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Muunga mifupa anayekubali kumtuma mtoto hospitalini pale kiwiko kimevimba, ama mfupa umetoboa ngozi, anaokoa mkono. Shida ni yule anayekaza na kusema rudi baada ya wiki mbili.

Sheria inasema nini

Watu wengi wanadhani sheria ya makosa ya uganga inamhusu daktari peke yake. Sivyo. Kifungu cha 52 cha sheria ya adhabu ya Kongo kinamwangukia kila mtu aliyesababisha madhara kwa kukosa kuona mbele ao kukosa tahadhari, bila nia ya kumdhuru mwenzake. Hakitaji daktari, hakitaji hospitali. Muunga mifupa yumo, muuguzi yumo, mpasuaji yumo.

Kifungu cha 54 kinatoa adhabu pale mtu amejeruhiwa tu: kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 na faini, ao moja kati ya hizo mbili. Mtoto akifa, kwa mfano kwa pepopunda iliyoingia katika kidonda cha mfupa uliotoka nje, kifungu cha 53 kinapandisha kifungo: miezi 3 hadi miaka 2.

Adhabu hizo si kubwa, na ni hapo ambapo mtego umefichwa. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba kosa ambalo kifungo chake cha juu hakizidi mwaka mmoja haliwezi tena kufuatiliwa mwaka mmoja ukiisha. Mwaka huo unahesabiwa tangu siku kosa lilipotendeka, si tangu siku familia ilipokata tamaa. Hatua za uchunguzi zikianzishwa na parke kabla ya mwaka kwisha, hesabu inakatika na kuanza upya. Pasipo hatua, faili linakufa. Kwa mtoto aliyekufa muda ni miaka 3, kwa sababu kifungo chake ni kirefu zaidi.

Fikiria sasa jinsi mwaka huo unavyoisha kwa mtoto wa Luhwindja. Mwezi wa kwanza mkono umefungwa. Miezi miwili inayofuata ni ya kukanda kwa mafuta na kungoja, kwa sababu wameambiwa vidole vitalegea. Kisha koko anasema apelekwe kwa mwingine. Wengine wanasema ni jirani aliyetuma kitu, na miezi inapita katika kumtafuta huyo jirani. Wanapofika Bukavu na daktari wa mifupa kuwaambia wazi kwamba misuli ilikufa siku ile ya kwanza, ni mwezi wa kumi na tatu.

Njia nyingine inabaki wazi. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, ambacho ni dekreti ya 30 Julai 1888 ya wakati wa Leopold wa Pili na ambacho bado kinatumika, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa busara. Cha 260 kinamfanya bwana wa kazi ajibu kwa ajili ya mtumishi wake. Hapo ndipo mwenye kituo cha afya anapoingia, awe Serikali, kanisa ao mtu binafsi: si muuguzi peke yake anayeshitakiwa kwa fidia. Mashitaka ya namna hii yana muda wa miaka 30. Lakini katika mashitaka ya kiraia hakuna parke inayokuchunguzia. Anayedai ndiye anayeleta ushahidi.

Mfupa uliopinda si kosa kila mara

Hapa wazazi wengi wanashindwa, na si lazima kwa sababu hakimu amekula hongo, ingawa ndivyo inavyosimuliwa njiani kurudi. Daktari hajaahidi kuponya. Ameahidi kutumia njia ambazo mtaalamu makini angezitumia mahali pale na kwa vifaa vile. Mtu anayedai lazima aonyeshe mambo matatu: kosa, madhara, na kwamba madhara yametokana na kosa hilo. Mkono uliopinda unaonyesha la pili tu.

Mifupa ya watoto inachanganya hata watu wenye elimu. Ncha zake zina tabaka laini ambalo ndilo linalokua. Mtoto akivunjika hapo, mfupa unaweza kuungana vizuri kabisa, kisha miaka miwili baadaye ukaanza kukua upande mmoja. Hakuna aliyekosea. Kwa upande mwingine, mfupa wa mtoto hujinyoosha wenyewe kadiri anavyokua, ila ukiungana umejizungusha, hilo halijirekebishi.

Paja ni mfano mzuri zaidi. Mtoto akivunjika paja, mguu huo kwa muda hukua haraka kuliko mwenzake. Kwa hiyo daktari anayejua kazi yake anaweza kuacha makusudi ncha mbili za mfupa zipandane, kama sentimita moja, ili miguu ije ilingane. Baba akiiona picha ya radio na mfupa umepandana, anaona wizi. Hajaelezwa. Katika malalamiko mengi ya hospitalini, kutoelezwa ndiko kulikowasha moto.

Mambo haya yaliwahi kumpa kazi hata Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani. Mjini Bloomington, jimbo la Illinois, seremala mmoja alivunjika mapaja yote mawili mwaka 1855 wakati wa moto, mguu mmoja ukapona umepinda, akawadai madaktari wake dola 10,000. Lincoln, aliyekuwa avoka wa madaktari, alileta mahakamani mifupa ya kuku: wa kuku mchanga unaopinda, na wa kuku mzee unaokatika kwa urahisi, ili raia wa jopo waone tofauti kati ya mfupa wa mtoto na wa mtu mzima. Jopo halikuafikiana. Mwishowe pande mbili zilimaliza nje ya mahakama. Seremala, kwa njia, alikuwa mwenyewe amewazuia madaktari kati ya kazi walipotaka kumnyoosha upya, kwa sababu ya maumivu.

(Kwa Kiswahili chetu neno ni moja: mtoto anaanguka toka kwenye avoka, na mzazi anaishia kumtafuta avoka.)

Basi kosa linaonekana wapi? Si kwenye umbo la mkono. Linaonekana kwenye masaa. Je, aliyefunga alipima vidole kabla na baada ya kufunga? Alimwambia mama ni dalili gani zimrudishe mbio, usiku ule ule? Mama aliporudi kusema mtoto halali, alikata plasta ao alitoa parasetamoli na kumwambia aende? Muuguzi mkuu wa kituo, ambaye katika vijiji vingi ndiye "daktari" anayejulikana, alimtuma mtoto kwenye hospitali kubwa ya zoni saa ngapi? Akiwa na kiwiko kilichohama na hana radio, kubaki naye siku tatu ni jambo ambalo mtaalamu yeyote atakayeulizwa na hakimu atapata shida kulitetea. Lakini mtaalamu huyo huyo atauliza pia kama mtoto aliletwa siku ile aliyoanguka, kwa sababu mshipa unaweza kuwa ulibanwa na mfupa wenyewe, kabla mtu yeyote hajagusa mkono.

Karatasi

Mambo hayo yote yanakaa kwenye karatasi ambayo mzazi hana. Fishi ya mgonjwa inabaki kituoni. Picha ya radio, kama ilipigwa, inabaki hospitalini mpaka fakitire iishe. Kwa muunga mifupa hakuna kitu kilichoandikwa kabisa, na majirani walioona wako upande wake, kwa sababu ndiye atakayewaunga kesho.

Karatasi si urembo. Dar es Salaam, Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza lililofanana walibadilishana vyumba vya upasuaji: aliyekuja kwa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Tanzania nzima ilijua. Kule majina yalikuwa yameandikwa na bado yakachanganywa. Kwenye kituo ambacho hakiandiki hata saa ya kumpokea mtoto, hakuna wa kusema nini kilitokea.

Mzazi anaweza kujitengenezea karatasi yake. Daftari la shule linatosha: tarehe na saa ya kuanguka, saa ya kufika, nani alifunga, alisema nini, mtoto alianza kulia saa ngapi, walirudi lini. Picha ya simu ya vidole vya mtoto asubuhi ya kwanza, na nyingine ya vibao kabla ya kufunguliwa, ina uzito kuliko mashahidi kumi wa mwaka unaofuata, kwa sababu simu inaandika tarehe yenyewe. Kila stakabadhi ya malipo itunzwe. Na barua ya kumtuma mgonjwa hospitali nyingine, hata ikiwa imekunjamana, isitupwe: hiyo ndiyo inayoonyesha saa.

Malalamiko yakifika parke kwa wakati, ofisa wa parke anaweza kuandika rekizisyo kwa daktari ili ampime mtoto na kusema kilichotokea. Hapo tatizo jingine linaonekana. Madaktari wa mifupa katika jimbo zima ni wachache na wanajuana. Anayetakiwa kutoa maoni juu ya mwenzake leo atamwomba msaada wa mgonjwa kesho. Si kusema kwamba wote wanafichana. Lakini mzazi anayekwenda bila karatasi anaweka uzito wote juu ya ulimi wa mtu mmoja.

Kwa wale wasiotaka mtu afungwe bali wanataka jambo lichunguzwe, kuna Shirika la Madaktari, lililoundwa kwa sheria ya 1 Machi 1968, ambalo linaweza kumkaripia daktari, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye orodha. Wauguzi walipata shirika lao kwa sheria ya mwaka 2016. Kwa vijijini hilo la pili ndilo lenye maana zaidi, maana huko wanaofunga mikono ya watoto ni wauguzi. Mashirika hayo hayalipi fidia. Muunga mifupa hana la namna hiyo. Kwake kuna shefu wa kijiji, na baada ya shefu kuna kifungu cha 52.

Kumaliza kwa amani

Mara nyingi jambo haliendi popote. Wazee wanaitwa, kituo kinafuta fakitire, labda mbuzi anatolewa, karatasi inatiwa sahihi. Hakuna wa kucheka hilo: familia iliyokuwa na deni inarudi nyumbani na mtoto wake, na mlima mmoja haujagawanyika. Kwa muunga mifupa ambaye ni mjomba wa mama wa mtoto, mashitaka yangevunja zaidi ya mkono.

Lakini hesabu yenyewe haiko sawa. Fakitire iliyofutwa ni gharama ya wiki chache. Mkono wa kulia uliokauka ni wa maisha yote, kwa mtoto ambaye angelima, angechimba ao angeandika. Upasuaji wa kurudisha sehemu ya nguvu za vidole upo, mazoezi ya kunyoosha yapo, na kuna mahali Bukavu, kama kituo cha Heri Kwetu kinachohudumia wenye ulemavu, ambako watoto kama hao hupokelewa. Hayo yote yanaomba safari, chakula, na mtu mzima wa kukaa naye. Mapatano ya amani yanayofuta fakitire bila kuandika nani atalipa safari hizo yanaacha gharama yote kwa mtoto. Na karatasi ya maelewano iliyotiwa sahihi ina nguvu: atakayetaka kudai fidia baadaye ataonyeshwa hiyo kwanza. Kwa asiye na pesa, barro ya mawakili ina ofisi ya mashauri ya bure, na hati ya umasikini kutoka kwa viongozi wa mahali inaweza kumpunguzia gharama za tribinali. Ni bora kuonana na wakili huyo kabla ya sahihi.

Hata ushindi una vizuizi vyake. Hukumu dhidi ya Serikali hutoka, kulipwa ni jambo jingine. Muunga mifupa ana shamba na mbuzi. Ndiyo maana mawakili hutazama kwanza kama mwenye kituo ni kanisa ao mtu binafsi mwenye kitu cha kulipia.

Juu ya yote hayo kuna vita. Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, kazi ya tribinali za Serikali mjini ikakwama, na miezi michache baadaye mapigano yakafika hadi Luhwindja, kwenye machimbo ya Twangiza. Watoto hawakuacha kuanguka. Kwa familia ambayo mtoto wake alifungwa vibaya mwanzoni mwa mwaka huo, mwaka mmoja wa kifungu cha 24 ulianza kuhesabiwa wakati hakuna mlango wa kugonga.

Kwa familia hiyo miaka 30 ya sheria ya kiraia ndiyo inayobaki. Mtoto wa miaka 6 anaweza, kwa hesabu hiyo, kuja kudai mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, ikiwa kuna mtu aliyetunza daftari, stakabadhi na ile picha ya simu ya asubuhi ya kwanza.